Blanketi la Urefu wa Baba

Kitenge kipya kikiguswa na pasi ya moto hutoa harufu ya nta na wanga, tamu kidogo, inayokaba koo. Wiki iliyopita Mama alikuwa anapiga pasi kitambaa cha gauni langu la mahafali, nami nimeegemea mlango nachezea simu, harufu hiyo ikanifikia. Niliweka simu chini. Nilikuwa na miaka minane tena, nimelala juu ya gunia la vipande vya vitenge, na Baba alikuwa bado anapatikana akipigiwa.

Mliokulia hapa Afrika Kusini, Malvern, miaka ile mnaijua Jules Street, hakuna haja niwachoshe. Mama alikodi chumba cha mbele katikati ya saluni na spaza, kiduka cha mtaani, hatua chache kutoka kwenye robot, taa za kuongoza magari. Mlangoni alitundika gauni moja la kitenge ili watu wajue kazi yake, ndani akaweka cherehani cha kukanyaga kwa miguu, meza ya kukatia na kioo kilichopasuka kona. Kila aliyeleta kitambaa aliacha vipande, na Mama hakutupa hata kimoja, maana mteja akinenepa hurudi kutaka gauni lipanuliwe kwa kitambaa kilekile. Vipande viliingia kwenye gunia, nami nikitoka shule nilijitupa juu ya gunia. Nimelala juu ya harusi za watu wengi sana mtaani kwetu.

Baba alikuwa mlinzi wa usiku kwenye ghala moja huko Cleveland, mtaa wa jirani. Alivaa buti nzito, suruali yenye mifuko mapajani, na bereti aliyoilaza upande mmoja mbele ya kile kioo kilichopasuka. Kwangu mimi mavazi yale yalikuwa na maana moja tu: Baba ni mwanajeshi. Hakuna aliyeniambia hivyo, na hakuna aliyenikatalia, kwa sababu sikumuuliza mtu. Unauliza kitu usichokijua, na mimi nilikuwa najua.

Alikuwa mrefu kupita kiasi. Asubuhi nikivaa viatu vya shule yeye ndiyo kwanza amelala, amejifunika mpaka kichwani, na kwa kuwa blanketi letu halikumtosha, miguu yake ilibaki nje ya kitanda. Leo nikitaka kuukumbuka uso wake inabidi niangalie picha. Miguu haihitaji picha. Nyayo zilikuwa na mistari kama udongo uliokauka, na ukucha wa kidole gumba cha kulia ulikuwa mweusi kwa kuangukiwa na kitu kabla sijazaliwa. Nilikuwa napita nautekenya unyayo mmoja, unaruka, na sauti inatoka chini ya blanketi.

"Nani huyu anasumbua muzee?"

"Siyo miye!" najibu, nakimbia.

Mama alikuwa akisema miguu ya mume wake ina nchi yake yenyewe. Alisema hivyo akicheka, akilivuta blanketi chini, na blanketi likiteremka mabega yanabaki wazi, basi analirudisha tena juu.

Kisha vita vikamfukuza Koko shambani. Koko, ndivyo tulivyomwita bibi, mama yake Baba. Aliishi Masisi, kwenye milima ya Kongo ya mashariki walikotoka wazazi wangu, na tukapata habari kwamba amekimbilia kambi moja karibu na Goma, yuko peke yake, anakohoa. Baba hakukaa kufikiri sana. Tulimsindikiza mpaka kituo cha mabasi cha Park Station, amevaa koti la kawaida na buti zake za kazi, maana hakuwa na viatu vingine vya safari. Aliinama mpaka uso wake ukafika kwangu.

"Ntarudia na Koko. Umupangie nafasi kwenye kitanda chako."

Usiku ule nililala ukingoni mwa kitanda, upande wa ukutani nikamwachia Koko. Nililala hivyo muda mrefu sana. Hata sasa nalala ukingoni.

Alitupigia kutoka Lusaka. Alitupigia kutoka Lubumbashi. Alitupigia kutoka Goma kusema amefika, kuna baridi, kesho anaenda kambini kumtafuta Koko. Baada ya hapo Mama akipiga anapokewa na mwanamke anayesema Kifaransa kwa sauti nzuri, kila siku maneno yaleyale, kwamba namba hiyo haipatikani. Nilimchukia yule mwanamke. Niliamini anaishi na Baba na anakataa kumpa simu.

Mama hakulia mbele yangu. Alifanya kitu kingine: alikataa kunijibu nikimwambia neno kwa Kiingereza au Kizulu. Shuleni na barabarani sikuongea lugha nyingine, Kiswahili nilikisikia tu nyumbani nikijibu neno mojamoja, lakini kuanzia hapo nikisema njaa kwa Kiingereza silishwi. "Baba yako akirudia," alisema, "utamusemesha na luga gani?" Ndiyo maana ninaweza kuwaandikia haya leo. Kiswahili changu chote nimewekewa kwa ajili ya mtu mmoja.

Gogo Nomsa, yaani Bibi Nomsa kwa Kizulu, alitujia siku ambayo umeme ulikatwa. Mnakumbuka kukatwa kwa umeme kwa zamu, mtaa mzima unanyamaza, friji la spaza linaacha kunguruma, mashine za kunyolea zinafia kichwani mwa mtu. Katika kimya kile kitu kimoja tu kiliendelea kulia, cherehani cha Mama. Mwanamke mnene mwenye kofia ya sufu akasimama mlangoni, amebeba furushi, akatazama miguu ya Mama inavyopanda na kushuka.

"Eish," akasema. "Hiki hakijui habari za umeme."

Alikuwa nesi mstaafu kutoka Bertrams. Yeye na wenzake walikutana kila Jumamosi kwenye ukumbi wa kanisa, wanashona mablanketi ya vipande, yale ambayo juu ni vitambaa vingi vilivyoungwa, katikati pamba, chini kitambaa kimoja kizima. Hawakulipwa. Waliwashonea wanajeshi wa Afrika Kusini waliokuwa wanapelekwa nje kulinda amani. Mwanawe Gogo aliwahi kwenda na akarudi na kifua kibovu, akisema watu wanadhani kule ni joto tupu, kumbe usiku mtu anatetemeka mpaka asubuhi. Sasa kundi jingine lilikuwa karibu kuondoka, mablanketi hayajaisha, na mashine za kina Gogo zote ni za umeme.

Yote haya aliyasema kwa Kizulu, akiniangalia mimi, nami namgeuzia Mama. Nilipofika kwenye neno wanajeshi, Mama aliinua mguu kwenye kikanyagio.

"Basoda? Miye nishonee basoda?" Aliniambia mimi lakini alikuwa anamtazama Gogo. "Kwetu soda akikuja, unakimbia. Haumushonei kitu."

Sikumtafsiria Gogo hayo, ila Gogo aliyaona usoni. Alikaa juu ya gunia langu bila kukaribishwa, akavua kofia.

"Mwambie mama yako simlazimishi," alisema. "Mwambie wanakwenda Kongo. Upande wa Goma."

Nilimwambia. Mama alishika ncha ya utepe wa kupimia uliokuwa shingoni mwake, akauzungusha kidoleni, akauachia, akauzungusha tena. Kisha akaniambia nimuulize Gogo swali moja: huyo mtu wa kushonewa ana urefu gani?

Gogo akacheka. Akaeleza kwamba mablanketi yana kipimo kimoja, ni ya mtu yeyote.

"Mutu yeyote haina urefu," Mama akajibu. "Miye nashonaka kitu ya mutu. Kama hakuna mutu, nitakata wapi?"

Nilitafsiri, Gogo akainua mikono kama anayesema fanya utakavyo, akaacha furushi la pamba na kitambaa cha chini, akaondoka akiahidi kurudi na magwinya, maandazi ya kwao. Alirudi nayo kesho yake, bado ya moto, mafuta yametoboa karatasi.

Mama alilimwaga gunia langu sakafuni. Kwanza alilalamika: mtu mwenye akili anakata kitambaa kizima halafu anakiunga tena, alors, ni kazi gani hiyo? Lakini alipoanza hakusimama. Alichagua vipande akiviinamia kama anavinusa, vyenye picha za ndege aliviweka vyote vikitazama juu, kwa sababu kwake ndege kulala kichwa chini ni uchafu wa kazi. Kila kipande kikipigwa pasi ile harufu inapanda. Umeme ukikatwa tunaacha pasi, tunakaa mlangoni penye mwanga, mimi namchomekea uzi kwenye sindano, yeye anafunga mafundo ya kushikilia pamba, fundo moja baada ya jingine.

Siku ya kukata urefu, hakufuata kipimo cha Gogo wala cha kitanda. Alitandaza kazi mezani na sakafuni, akafumba macho, akavuta utepe kutoka mkono hadi mkono, akaweka chaki. Halafu akaongeza kipande kingine chini, upana wa viganja viwili.

"Hii ya nini?" nikamuuliza.

"Ya kukunjia chini ya miguu. Isibakiye inje."

Basi, nikajua. Nilikaa kimya kwa furaha, kwa sababu mambo makubwa katika nyumba yetu hayakusemwa kwa sauti. Baba ni mwanajeshi. Wanajeshi wako Kongo. Mablanketi ni ya wanajeshi wa Kongo. Mama ameshona la Baba, na siku ya kugawa atakuja kulichukua, au atakuwa amesimama mstarini na wenzake, bereti imelala upande mmoja, Koko yuko mahali fulani nyuma amekaa kwenye kiti. Nilichukua gwinya moja nikalifunga kwenye karatasi nikamfichia. Liliota ukungu, nikamfichia jingine.

Gogo na wenzake walipoona blanketi la Mama walicheka mpaka wakashikana. Lilipita yale mengine kwa urefu wa mtoto mzima. Mmoja akauliza kama limeshonewa twiga. Mama alicheka nao, kwa heshima, akalikunja.

Siku yenyewe nilivaa gauni la kanisani na nikaingia ukumbini nimekumbatia blanketi, siruhusu mtu anisaidie. Wanajeshi walikuwa wamepangwa mstari chini ya madirisha. Kulikuwa na harufu ya rangi ya viatu na chai ya maziwa. Mchungaji aliomba, kamanda wao akashukuru, kisha kila mwanamke akaambiwa ampelekee mmoja kwa mkono wake. Nilianza mwanzo wa mstari. Niliangalia uso wa kwanza, nikapita. Wa pili, nikapita. Walidhani nachagua, wakaanza kutabasamu na kunyoosha mikono. Nilifika mwisho wa mstari penye ukuta, nikageuka, nikarudi nikiangalia upya, mara hii nikaangalia buti, kwa sababu buti zake ningezijua.

Aliyebaki bila blanketi alikuwa mmoja, kijana mfupi, masikio makubwa, Koplo Thabo. Gogo alinisukuma taratibu kwake. Koplo akashika ncha, ncha ikashuka, blanketi likamfunika yeye na kumwagika sakafuni, na ukumbi mzima ukacheka.

"Hili si lako!" nikamwambia. Nilivuta upande wangu. "Ni la Baba! Baba yuko wapi?"

Kicheko kikakatika. Wengine walielewa maneno, wengine walielewa sauti. Nilikuwa nimeuma kitambaa kwa meno. Mama alikuja kutoka nyuma, na nilipomwona usoni nikajua kwamba hakuwa amewahi kufikiri kwamba mimi nilifikiri hivyo. Alipiga magoti kwenye sakafu ile akiwa na sketi yake nzuri.

"Baba yako haiko soda," aliniambia kwa sauti ya chini. "Alikuwa analinda mulango ya batu. Mulango tu."

"Kwa nini umemushonea, alors?"

Alilainisha ndege mmoja wa kitenge kwa kidole, akiusugua mkunjo ambao haukuwepo. Nilisikia anavyopumua. Halafu aliinua uso kumtazama Koplo, ila maneno akanipa mimi niyapeleke.

"Musemee hivi. Kama ataona mutu, na hii inamutosha, amupatie."

Nilitafsiri nikiwa nalia, sijui kama nilisema vizuri. Koplo Thabo aliliangalia blanketi tangu juu mpaka chini, akatuangalia, hakucheka.

"Sharp, Mama," akasema. "Nimesikia."

Nikafungua meno. Nililiachia.

Walipoondoka nilianza kusubiri upya, na kusubiri huku kulikuwa kutamu kuliko kule kwa kwanza kwa sababu sasa kulikuwa na mtu anayetafuta. Nilimwona Koplo akitembea mlima kwa mlima amebeba blanketi begani, anawasimamisha wanaume, anawapima. Yule mfupi hapana. Yule naye miguu inaishia katikati, hapana. Sikujua ukubwa wa Kongo. Mama alikuwa anaujua, na hata hivyo simu ya Gogo ikilia aliacha cherehani.

Baridi nyingine ilikuja, hita ya mafuta ya taa ikarudi karibu na cherehani, ndipo Gogo alipoingia na Koplo Thabo nyuma yake. Alikuwa amekonda, masikio yamezidi kuwa makubwa. Hakuwa na blanketi. Mama alimpa kiti, mimi nikasimama mbele yake karibu kuliko inavyofaa.

"Nililitoa," alisema. "Kulikuwa na mtu aliyekuwa anafika kwenye lango la kambi yetu, anauliza habari za watu wake. Usiku mmoja mvua ilinyesha vibaya. Nikampa."

"Alikuwa mrefu?"

Koplo alimtazama Mama. Kisha akanitazama mimi.

"Mrefu," alisema.

"Jina lake?"

"Hatukuelewana lugha, mntanami," alisema, akiniita mwanangu kwa Kizulu.

Walikunywa chai. Gogo alizungumza kuhusu bei ya pamba. Walipoinuka kuondoka, Mama aliuliza kwa Kizulu chake kibovu cha kununulia mboga, bila kunipitia mimi.

"Na miguu? Ilifunikwa?"

"Yote, Mama," Koplo akajibu. "Yote miwili."

Mama alishukuru. Alirudi kwenye cherehani akakanyaga, gurudumu likazunguka, sindano ikapanda na kushuka, na chini ya sindano hapakuwa na kitambaa.

Niliishi kwa neno lile moja miaka mingi. Mrefu. Shuleni nikiulizwa baba yako yuko wapi, najibu yuko Goma, ana blanketi. Sasa nimekua, najua mwanamume mwenye huruma akitazamwa na mtoto na mke wa mtu kwa macho yale atajibu nini. Najua pia kwamba huenda ni kweli. Wanaume warefu hawakosekani kule, na mmojawao ni Baba yangu, au alikuwa. Hatujawahi kupata habari yake wala ya Koko. Mama hajaniambia anaamini lipi, nami sijamuuliza. Nina hamu na Baba. Mimi ni mtu mzima, nakaribia kuvaa joho la chuo, na kuna asubuhi ninapita karibu na kitanda cha Mama, naona mwisho wa blanketi hauna miguu.

Basi, wiki iliyopita. Mama alimaliza kupiga pasi, akaniita.

"Kuya hapa nikupime."

Tuna utaratibu wetu. Yeye anapima na kutaja, mimi naandika kwa chaki kwenye ukingo wa kitambaa. Akataja mabega, nikaandika. Akataja kiuno, tukabishana kidogo, nikaandika. Gauni nilitaka la kufika chini kabisa, na mimi nimerefuka mpaka blanketi halinifiki miguuni, kwa hiyo akaweka mwanzo wa utepe chini ya shingo yangu, akaniambia niushikilie, akateremka nao mgongoni, akapiga magoti. Siku hizi magoti yanalia. Nilisikia kidole chake kikiubana utepe kwenye kisigino changu.

Nilingoja na chaki mkononi. Nje taksi zilipiga honi kwenye robot, mtu akamcheka mtu.

"Mama? Niandike ngapi?"

Niligeuza shingo nikaona kisogo chake, mvi zimetoka pale kilemba kinapoishia, amekaa chini kabisa sakafuni na mkono wake wote umekizunguka kisigino changu.

"Usiandike," alisema. "Hii naijua."